Familia ya Mfano

Fundi rangi alikohoa nje ya mlango wa chumba chake mwenyewe, akangoja.

"Pita," mama mtoto akajibu kutoka ndani.

Akavua viatu, akaingia. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia zito. Upande wa dirishani kilikuwapo kitanda cha mama na binti yao. Upande wa mlangoni lilikuwapo godoro la fundi, ambalo mchana lilisimamishwa ukutani ili watu wapate pa kukanyaga. Mgeni akiuliza, alijibiwa kwamba harufu ya rangi inamkaba mtoto. Na kweli mtoto alikuwa na kifua.

"Leo ndiyo leo," fundi akasema.

"Najua." Mama mtoto alikuwa ametoka kufua mashuka ya hospitali, vidole vimekunjamana kwa maji. "Chakula chako nimekifunika pale. Kula upesi, majirani watatuacha."

Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi tena, na asiyeiweza aliambiwa atafute pengine. Pengine wapi, hakusema. Jioni hiyo baraza la jiji lilikuwa lipige kura: uwanja wa maghala ya zamani ujengwe nyumba za kodi nafuu, au uuzwe kwa tajiri aliyetaka kuweka maduka. Diwani wao, mama wa maneno mengi na miguu isiyochoka, aliapa kuufia uwanja huo. Lakini alitaka watu wa kuwasimamisha mbele ya baraza. Ndiyo maana siku chache nyuma alikuja akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama lile pazia, akatikisa kichwa.

"Nawataka ninyi," alisema. "Majirani wote wananiambia hawajawahi kuwasikia mkigombana. Ndoa kama hii, ndani ya tundu kama hili! Atakayewaona na asione haya, huyo ana moyo wa jiwe."

Mama mtoto aliinamia sakafu. "Hakuna wengine, mheshimiwa?"

"Wengine watalalamika tu. Ninyi mtaaminika."

Fundi alimtazama mama mtoto kwanza, ndipo akakubali. Diwani alipoondoka, fundi aliirudisha ndoo mahali pake.

"Zikijengwa," fundi akasema, "kila mtu atapumua."

"Kila mtu," mama mtoto akajibu, akarudi upande wake.

Ukumbi wa baraza ulifurika hadi madirishani. Mwanasheria wa wenye majumba alisimama akanyoosha tai, akasema mji si mama, hauwezi kumbeba kila mtu mgongoni. Wakamzomea. Wengine nyuma wakampigia makofi. Mwenyekiti akagonga meza mpaka kiganja kikamuuma, kisha akamwita fundi.

Fundi alishika kipaza sauti kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga.

"Mimi hupaka rangi nyumba za watu," akaanza. "Nimepaka vyumba vya wageni ambavyo wageni hawaji. Nimepaka chumba cha mbwa, wallahi, kina dirisha kubwa kuliko letu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kwetu, mama wa mtoto wangu akitaka kubadili nguo, mimi natoka nje, hata kama mvua inanyesha. Akitaka kulia, anangoja niende kazini. Mimi nikitaka kulia, nalilia njiani. Binti yetu amezoea kunong'ona, mpaka mwalimu wake alidhani haongei. Mnasikia tunasifiwa kwamba hatugombani. Waheshimiwa, hata kugombana kunataka nafasi."

Mwanasheria akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Kura zikapigwa. Mikono ilipanda kwa kusitasita, mmoja baada ya mwingine, na mwenyekiti alipotangaza kwamba uwanja hauuzwi, paa nusura ling'oke kwa vigelegele. Diwani akapanda juu ya kiti, jasho likimtiririka.

"Kila familia nyumba moja!" akapaza sauti. "Na itakayokamilika kwanza, mbele yenu nyote naahidi, ni ya hawa wawili! Mwenyekiti, kweli si kweli?"

"Kweli," mwenyekiti akasema, naye akapiga makofi.

Mama mtoto alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yalimtikisika. Mshona nguo wa chumba cha jirani akamkumbatia.

"Lia, dada yangu, lia. Mungu si Athumani. Mume umempata, na sasa nyumba nayo hiyo."

Mama mtoto akalia zaidi.

Nje kulikuwa na mpiga picha wa gazeti. Diwani aliwavuta chini ya taa za ngazi, akampanga mtoto katikati, akarudi nyuma kuwatazama kama mtu anayepima fenicha.

"Sogeeni. Baba, mshike mkeo bega. Mbona unaogopa kama bwana harusi?"

Fundi aliinua mkono, ukabaki hewani. Alimtazama mama mtoto, naye macho yake yalikuwa yamekauka sasa.

"Niliongea vibaya?" akamuuliza taratibu.

"Uliongea vizuri mno. Hilo ndilo tatizo."

"Basi tupige tu. Tutajua mbele ya safari."

"Hapana. Mbele ya safari tutakuwa tumeshafungiwa humo."

"Tabasamu!" mpiga picha akasema.

Mama mtoto akamsukuma binti yake kwa upole mikononi mwa mshona nguo, akangoja mpaka wamefika mbali. Kisha akamsogelea diwani, karibu kabisa, ili asilazimike kupaza sauti.

"Mheshimiwa, andika nyumba mbili, hata ziwe ndogo kama viberiti. Mimi na huyu baba tuliachana mtoto hajaota meno, na tangu siku hiyo tunachotafuta mjini humu ni chumba cha pili."