Mashine Iliyokosa Pumzi

Soksi ya kwanza kuchomolewa nyuma ya kompyuta ilikuwa ya sufu. Ya pili pia. Desa alipofika ya tano aliweka bisibisi chini, akamgeukia mwenye nyumba.

"Jirani, hii ni kompyuta au kabati la nguo?"

"Muulize Tihomir," alisema Vukosava.

Tihomir, mumewe wa ndoa ya miaka arobaini na mitatu, alikuwa kwenye kochi, skafu shingoni. Ilikuwa Julai, mji mzima wa Zaječar unatokota, na kila dirisha la nyumba ile limefungwa ndi.

"Ina matundu mbele na matundu nyuma," alisema bila haya. "Hiyo ni promaja. Upepo unaoingia huku na kutokea kule ulimuua shemeji yangu, utaiacha mashine?"

"Shemeji yako aligongwa na trekta," alisema Vukosava.

"Alikuwa anakwenda kufunga dirisha."

Na usimcheke. Kwetu Zaječar hata daktari hufunga dirisha kwanza ndipo akupime.

Desa alikuwa amestaafu kiwanda cha redio, sasa anatengeneza kompyuta za jengo zima kule chini, kwenye chumba cha boila. Fundi wa dukani alikuwa ameitazama mashine ya Vukosava kama anayetazama maiti, akashauri inunuliwe mpya. Desa hakutaka hata pesa. Alitaka chupa mbili za pilipili tamu za kuchoma, zile anazosaga Vukosava mwenyewe, basi.

Vukosava alikuwa na haraka. Kesho, saa mbili kamili asubuhi, ukurasa wa wastaafu mtandaoni ungefunguliwa: nafasi kumi na mbili kwenye maji moto ya tiba, siku ishirini na moja, chakula bure. Mwaka jana alibonyeza saa mbili juu ya alama. Lile duara la kungojesha watu likazunguka. Akapika kahawa, akainywa, akamsengenya Milunka wa ghorofa ya tatu mpaka akammaliza, na ukurasa ulipofunguka nafasi hazipo. Mwaka juzi, vilevile. Nafasi moja ilikwenda nyumbani kwa huyohuyo Milunka, na mwezi ule Milunka alinawiri hadi watu wakamuuliza anapaka nini.

Mwaka huu Vukosava alikuwa ameapa. Sanduku la safari lilikuwa nyuma ya mlango tangu Mei, limepangwa na kufungwa kwa kamba.

Desa alipuliza vumbi la miaka tisa, akapachika kipande cha kumbukumbu alichong'oa kwenye kompyuta iliyokufa, kisha akaanza kufuta mizigo isiyo na kazi.

"Nani humu anahitaji programu saba za kupima upepo?"

Tihomir alinyanyua mkono.

"Sasa sikiliza, shoga yangu," Desa alimwambia Vukosava alipomaliza. "Mashine hii haina nguvu nyingi, lakini si mgonjwa. Mmeibana. Ikibanwa inapata joto, na ikipata joto inajivuta pole pole isije ikafa. Haikudai kitu miaka yote hii ila upepo kidogo."

"Maskini ya Mungu," alisema Vukosava, na machozi yakamlenga. "Naielewa kabisa."

"Itashikwa na mafua," alisema Tihomir. Kisha akakumbuka jambo. "Halafu soksi zangu nyingine ziko wapi? Droo tupu."

"Ziko mahali pazuri."

"Na siku zote hizo ishirini na moja, mimi nitabaki na nani? Nani atakuwa ananifungia madirisha?"

"Usiwe na wasiwasi, mume wangu. Nimeshakupangia."

Asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano, Vukosava aliwasha kompyuta. Duara likazunguka. Likaendelea kuzunguka. Aligeuka, akamwona Tihomir kwenye kochi, skafu shingoni, miguu mitupu.

"Tihomir. Soksi zako."

"Nimeipa," alisema kwa sauti ndogo. "Jana jioni ilikuwa inavuma, nikaionea huruma."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Vukosava alipiga magoti chini ya meza, nyonga zikalia, akachomoa soksi ya kulia, akachomoa ya kushoto, akaanza kuipepea mashine kwa kifuniko cha sufuria kama anayewasha mkaa. Tihomir akafunika masikio. Saa ya ukutani ilipogonga mbili, Vukosava aliinuka na kubonyeza.

Ukurasa ulifunguka hata hajainua kidole. Akajaza jina, akajaza tarehe ya kuzaliwa, akajaza maradhi, nayo yalikuwa mengi. Akatuma. Jibu lilikuja pale pale: nafasi imepatikana, mtu wa tatu kwenye orodha.

Aliibusu kompyuta utosini. Hakuwa amefurahi hivyo tangu siku ya harusi ya binti yao.

Jumatatu basi dogo la maji moto lilisimama mbele ya jengo. Tihomir, mtu wa watu, alikataa katakata mkewe abebe kitu. Alishusha sanduku ghorofa nne, akihema, akipumzika kila ngazi ya tano, na njia nzima alimpa wosia: asikae karibu na mlango, asitoke majini na nywele mbichi, na asikubali kitanda kilichoelekea dirisha. Chini kabisa alianza kulia.

"Nyumba itakuwa tupu bila wewe, Vuka," alisema.

"Itakuwa na nafasi kidogo," alisema Vukosava, naye akifuta jicho.

Dereva alipitisha kalamu kwenye orodha yake. "Tihomir ni nani? Panda, mzee, wenzako wanangoja."

Vukosava alimkaza mumewe skafu, akambusu kwenye paji la uso, akafunga mlango wa basi. Kisha akapanda ghorofa zote nne bila kupumzika, akafungua dirisha la sebuleni, akafungua la jikoni, akaburuta kiti, akaketi katikati.