M Yenye Maua

Ofisa wa polisi aliivuta droo yangu ya herufi za chapa bila hodi, akaiokota M ya mbao. Ndiyo M yangu pekee ya mtindo ule wa zamani, yenye maua yaliyochongwa miguuni. Maharusi wa Moshi wanaipenda mno kwenye kadi zao.

Kwa mkono wa pili alishika kikaratasi. "ARDHI YETU, HATUHAMI," kilisema juu, kwa herufi hizo hizo. Nilikipiga chapa mwenyewe Jumapili, wenzangu wakiwa misani.

"Tazama, ndugu. Hapa kwenye karatasi, ua la mguu wa kulia limemeguka."

Akaipeleka M dirishani, akaupapasa mguu wa kulia kwa kidole gumba. Ulikuwa mzima. Pengo lilikuwa kushoto, limejaa wino mkavu.

Herufi ya chapa huchongwa kinyume. Kushoto kwake ndiko kulia kwa karatasi. Sisi wa kazi hii tunalijua hilo. Yeye hakulijua, na M hata ukiigeuza sura yake ni ile ile.

"Hii imemeguka kushoto," alisema. "Siyo yenyewe."

Akairudisha. Nikapumua.

Alipofika mlangoni akageuka, sasa uso umelegea.

"Lakini ni nzuri, jamani. Binti yangu anaolewa huko Kilema mwezi ujao. Hebu nipigie chapa jina lake kwa herufi hizo, nione litakavyokaa."

Akavuta stuli, akaketi kando ya mashine.

"Anaitwa nani?" niliuliza.

"Mektrida," alisema, akakilaza kile kikaratasi gotini.