Maua ya Mwana Luhwindja

Ua jingine likashuka kwenye telefone, jekundu, likazunguka mara mbili juu ya kichwa cha Aimée, likayeyuka.

— Mwana Luhwindja, aksanti, akasema Aimée bila kuacha kusuka.

Alikuwa anasuka jirani yake Bintu, na watu wakimtazama live. Telefone ilisimama ndani ya kopo la maziwa. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, kwa hiyo kila aliyeingia alionekana. Wakati huo mama yake, Euphrasie, alikuwa anaingia na beseni la sambaza zilizobaki sokoni Nyawera. Akalitua polepole, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akaanza kuchambua samaki: wazima upande huu, waliovunjika upande ule.

Maua yale hayashikwi. Mtu anayanunua kwa feza ya kweli, anakutumia ukiwa live, na wote wanaona nani kakupa. Wengi hutuma moja wakapotea. Huyu alituma kila siku tangu Pasaka, naye hakuwa na sura, picha ya ng'ombe tu.

— Leo ameandika nini? akauliza Euphrasie.

— Kama kawaida. "Maman amefika salama? Asichoke sana."

Euphrasie akatikisa kichwa. Kijana anayetaka nyumba ya watu humsalimu mama kwanza, msichana baadaye.

— Huyu walimulea, akasema.

— Ao anaogopa mama mukwe na bado hajamupata, akasema Bintu.

Tangu bwana yake afe, miaka kumi na moja, Euphrasie alipanda kilima cha Kadutu na beseni lile kichwani. Uchovu wake ulikuwa umepita ule wa kulala na kuamka. Alibakiwa na ombi moja: Aimée, mwenye miaka thelathini na mbili, aolewe kabla magoti ya mama yake hayajakataa. Wanaume wawili walikwisha kuja, wakala, wakanywa, wakasahau njia.

Mwezi wa kumi mvua ilinyesha wiki nzima. Euphrasie alikuwa Walungu kwenye kilio cha shangazi yake. Aliporudi na tope mpaka magotini, alimkuta Aimée amenuna.

— Siku tano, hata ua moja. Amenichoka.

— Shida iko réseau ya telefone, akasema Bintu. Na mvua hii, Luhwindja watapata wapi réseau?

Euphrasie alikaa kwenye kigoda chake, akakamua pindo la kitenge.

— Umuambie aje. Ua la telefone haliozi, lakini wewe unazeeka.

Kesho yake maua yakaanguka sita mfululizo. Aimée akayasema maneno yale mbele ya watu wote. Jibu halikukawia: "Dimanche, kisha misa. Tutakuja."

Dimanche Adalbert, mdogo wa marehemu, alifika na koti lake la harusi. Viti viliazimwa kwa Bintu. Euphrasie alichuja kasiksi, pombe ya ndizi, mara mbili, akapanga glasi kwenye sinia.

Wakaingia wazee wawili. Mmoja mfupi, msemaji. Mwingine mrefu, mwenye kofia, akakaa akitazama viatu vyake. Hakuna aliyeuliza kijana yuko wapi. Mara ya kwanza kijana hubaki nyumbani, wakubwa ndio huenda.

— Barabara iko mubaya, akasema yule mfupi, lakini mwenye kiu hahesabu matope.

— Kiu ya maji ao ya kasiksi? akauliza Adalbert.

— Ya mutu, papa. Nyumba yetu iko na malisho, iko na ng'ombe, lakini jioni hakuna wa kutuuliza kama tumefika.

Adalbert akacheka kwa heshima. Walizungumza ng'ombe, walizungumza parokia, na hawakugombana hata kidogo. Euphrasie alisimama mlangoni na sinia yake. Kwa mara ya kwanza tangu zamani hakuwa anawaza sambaza za kesho.

— Basi, akasema Adalbert. Kwetu wageni humimina, na anayeombwa hunywa mbele ya wote. Akikunywa, maneno imekwisha. Aimée, mwanangu, njoo.

Aimée akaja, akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili.

Yule mrefu ndiye aliyemimina. Kisha akavua kofia. Nywele zilikuwa nyeupe. Akasimama na glasi.

— Inuka, mwanangu, yule mfupi akamwambia Aimée kwa upole. Wewe utakuwa mutoto wetu.

Glasi ikapita juu ya bega la Aimée, ikaenda mpaka mlangoni.

— Maman, akasema yule mrefu, tua kwanza hiyo sinia. Ukae.