Risiti Saba Ukutani

Mzee Oswald alikuwa akigongelea risiti ya saba ukutani, pembeni ya picha yake ya harusi, aliposikia hodi.

Risiti hizo zilimuuma. Wiki iliyopita alikwenda ofisi ya mikopo pale Mikumi mjini kuomba fedha za mashine ya kukoboa mpunga. Binti wa mezani alimtazama kwa huruma. "Mzee, jina lako linasoma deni la maji la miezi saba. Kama bili ya nyumbani imekushinda, marejesho yetu utayaweza?" Akamwambia akalipe, kisha watatuma mtu aje kumwona nyumbani.

Oswald, ambaye kwa miezi yote saba alijifungia chooni kila aliposikia pikipiki ya mtu wa maji, aliuza beberu wake, akalipa deni lote, akaenda stesheneri kuchapisha risiti. Mashine ile aliitaka mno. Mwanawe Bryson alijaribu mara mbili kumwambia, "Baba, naomba tuzungumze," akajibiwa kwamba mengine yote yasubiri mkopo.

Mlangoni alisimama mtu wa rika lake, shati limenyooshwa kwa pasi, daftari kwapani.

"Habari za hapa. Naitwa Hezekia. Nimetumwa kuja kuwafahamu kidogo."

"Karibu sana, tulikuwa tunakusubiri," alisema Oswald, akamsogezea kiti pekee chenye miguu yote minne.

Mgeni alikuwa na maswali. Wanavuna magunia mangapi? "Arobaini," alisema Oswald, ambaye msimu uliopita alipata kumi na manne. Nyumbani kuna ugomvi? Hakuna. Kijana anakunywa? "Soda tu, tena akiumwa." Katika ukoo kuna maradhi ya kurithi? Hapo Oswald alisita. Akajiambia kwamba wakopeshaji wa siku hizi wanachimba hadi chini kabisa, akajibu kuwa hakuna.

Kisha akamwongoza mgeni hadi ukutani. "Jionee mwenyewe. Mimi deni linaninyima usingizi. Mambo ya kulipa nusunusu siyawezi."

Hezekia alivaa miwani, akasoma risiti moja moja bila haraka. Alipomaliza alionekana ameguswa kweli. "Ndugu yangu, mtu anayejali bili ya maji namna hii, hata kitu cha thamani unamkabidhi bila hofu."

Oswald alijawa na furaha. Tayari aliisikia mashine ikinguruma uani, na majirani wamepanga foleni na mpunga wao.

"Kwa hiyo nimepita?"

"Kwangu mimi umepita." Hezekia alifungua daftari, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine chini yake. "Wenzangu kule kijijini kwetu Ulaya walikuwa na wasiwasi na uwezo wenu, maana hatukuwajua. Walinituma nitaje mbuzi watatu tu."

"Mbuzi?" aliuliza Oswald.

"Wengine huwa tunawaruhusu kulipa kidogo kidogo, hata miaka kumi," Hezekia aliendelea, akimshika bega kwa upendo. "Lakini wewe kukupangia hivyo ni kukutukana. Lete ng'ombe sita, wote siku moja, na Bryson amchukue mpwa wangu Natalia."