Kakakuona Kizimbani

Juzi, katika nyumba ya wageni mjini Songea, nilimfokea paka kwamba ameniibia miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa. Wageni wenzangu walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Basi namwomba paka yule radhi kwa hekaya hii.

Kanga aliuawa, na Fisi akamshtaki Kakakuona.

"Kwa nini umemla Kanga?" akauliza Hakimu Nyati.

Kakakuona, mwoga kupindukia, akajikunja kama mpira asijibu.

"Kimya chake ndiyo hatia yake!" Fisi akapaza sauti. "Afukuzwe msituni!"

Nyegere, wakili asiyemwogopa yeyote, akasimama. "Mheshimiwa, kunyamaza si kosa. Anayeshtaki ndiye athibitishe. Ndugu Fisi, ushahidi uko wapi?"

Fisi akatoa mfupa. "Tazama ulivyotafunwa!"

"Kwa meno?"

"Tena makali, bwana wee!"

Nyegere akamnong'oneza mteja wake. Kakakuona akajikunjua taratibu, akaachama. Hakuwa na hata jino moja. Vigelegele vikapasua msitu! Fisi, ambaye mdomo wake ulikuwa wazi tangu asubuhi, akaufunga kabisa. Wanyama wote wakamgeukia.

"Mwacheni," akasema Nyegere. "Naye hatahukumiwa kwa kunyamaza. Atafutiwe wakili."

Kakakuona akabebwa juujuu kwa shangwe. Hakimu Nyati, kwa haya, akamwuliza, "Wewe bwana, mbona hukusema mapema kwamba huna meno?"

"Mliniuliza kwa nini nimemla Kanga. Hamkuniuliza kama nimemla."