Gari Linasita

Fundi alijiingiza chini ya gari kabla bomba la moshi halijapoa, akaungua kiwiko, akatukana kimoyomoyo.

"Limesita tena," kaka yake alisema kutoka juu. Yeye ndiye aliyekuwa dereva, na helmeti bado ilikuwa kichwani. "Nimekanyaga mapema kabisa. Gari ndilo halikutaka kuondoka."

"Klachi nimebadilisha asubuhi, Kaka."

"Basi si klachi."

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kupanga nafasi. Magari yalisimama mstarini mawili mawili, taa ya kijani ikiwaka yanafyatuka, barabara imenyooka hadi mwisho. Mchezo wenyewe ni mfupi, ukipiga chafya umekupita. Ukitoka kabla ya kijani umejitoa mashindanoni. Ukichelewa kidogo tu, unakula moshi wa mwenzako. Wao walikuwa wanakula moshi tangu asubuhi.

Mwenye timu alikuja na karatasi ya matokeo. Alikuwa na duka la vipuri, na tumbo lililotangulia kufika kila alikokwenda. Alimnyooshea dereva karatasi, lakini dereva aliendelea kufuta glavu zake.

"Msomee fundi," dereva alisema. "Yeye ndiye anayehusika."

Jumba bovu likamwangukia fundi, kama ilivyokuwa kawaida siku hizi. Karatasi ilisema wazi kwamba gari likishaondoka hakuna wa kulishika. Tatizo lilikuwa kuondoka.

"Sikiliza, binti yangu," mwenye timu alisema, na akishamwita mtu binti yake ujue hakuna heri. "Kesho ni mtoano. Tukitolewa raundi ya kwanza, Jumatatu naleta fundi mwingine. Dereva kama huyu hapatikani. Mafundi wamejaa tele."

Fundi alimtazama kaka yake. Alisubiri neno moja tu la kumtetea. Huyu ndiye aliyemfundisha kushika spana, hata baba yao alipogomba kwamba kazi hiyo si ya mtoto wa kike. Lakini kaka alikuwa anarudi mlangoni taratibu, akipapasa ubavu wa gari kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Hilo lilimuuma fundi kuliko kiwiko.

Jioni alifungua giaboksi, akaikagua, akaifunga. Alibadilisha pampu ya mafuta, plagi, hata waya wa eksileta. Kila alichokitoa kilikuwa kizima, na uzima huo ndio uliomtia hofu. Kasoro ukiiona utaipiga nyundo. Isiyoonekana utaifanya nini?

"Kaka, niambie vizuri," alisema walipokuwa wanakula mkate juu ya sanduku la zana. "Linasita vipi? Linatetemeka? Linakata?"

"Linasita tu."

"Jibu hilo hata mganga lingemshinda."

Kaka alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kesho nimepangwa na nani?"

"Lile jekundu la jamaa wa matairi. Linalopiga kelele mpaka meno yanauma."

"Afadhali," alisema, akashusha pumzi.

"Afadhali nini? Lina kasi lile!"

"Kelele zake nimezizoea."

Jumapili alfajiri fundi aliikagua klachi tena. Zamu yao ilipofika, alisimama mbele ya gari na kumwongoza kaka yake kwa mikono hadi mstarini: njoo, njoo, kidogo, hapo hapo. Madereva wengine walijisogeza wenyewe kwa kufuata vitaa vya pembeni vinavyoonyesha gari limefika mstarini. Kaka, tangu msimu uliopita, alitaka mikono ya mdogo wake tu, na fundi alikuwa akijivunia jambo hilo. Alikimbilia pembeni, akavaa redio yake masikioni. Mwenye timu alikuwa ameshafika, ameng'ang'ania uzio.

"Ee Mungu, leo tu," fundi alisema.

Injini zote mbili zilipanda hadi ardhi ikatetemeka. Taa za njano zikaanza kuwaka moja moja, kutoka juu kushuka hadi ile ya kijani. Mara gari jekundu likakohoa, likakohoa tena, likatoa moshi mweupe chini ya boneti na kuzimika pale pale mstarini. Dereva wake akaupiga usukani ngumi.

"Tumepita!" mwenye timu alipiga kelele. "Tumepita! Hata akilisukuma kwa mkono tumepita!"

Fundi alihisi machozi yanamtoka na hakuyafuta. Kazi yake ilikuwa imepona. Kilichobaki ni kaka kukanyaga mafuta na kufika mwisho wa barabara.

Taa ya kijani ikawaka, kubwa, mbele kabisa ya kioo.

Gari halikuondoka.

Injini ilikuwa inanguruma vizuri, bila kukata, bila kutetemeka. Fundi aliisikiliza kwa masikio aliyoyaamini kuliko kitu chochote duniani, na haikuwa na kasoro yoyote. Kijani kiliendelea kuwaka. Mwamuzi alianza kupunga bendera. Watu jukwaani wakaanza kuzomea, na mwenye timu akageuka, uso umemwiva.

"Fundi! Umelifanya nini gari langu?"

Redio ikakwaruza masikioni mwake.

"Mdogo wangu," kaka yake alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake. "Taa imeshawaka? Mbona simsikii mwenzangu akiondoka?"