Ufunguo wa Kabati la Vitabu

"Umeajiriwa kutazama mkonge! Minazi yakuhusu nini?" Bwana mkubwa wa maabara alifunga kabati la vitabu, akatia ufunguo mfukoni, akatoka.

Timotheo alibaki na jani la mkonge mkononi, limeoza shinani, limejaa madoa, linanuka. Madoa kama yale alikuwa ameyaona asubuhi hiyo katika kitabu cha magonjwa ya minazi, na ukurasa wa dawa hakuufikia. Shamba zima linakufa, na mtu anafunga kabati!

Tabibu mzee wa mtaa wa Ngamiani, aliyemfundisha kazi ya kutambua magonjwa, alizoea kumwambia, "Soma hata yasiyokuhusu, mwanangu. Ugonjwa hausomi kibao cha mlangoni."

Timotheo alichukua bisibisi.

"Abaki na ufunguo wake," alisema, akaanza kulegeza bawaba ya juu ya mlango wa kabati.